Barua ya wazi kwa mnaosimamia kozi za uhandisi: njooni Lamu mchukue mifano

Assalam aleikum wakubwa zetu. Barua hii nawaandikia nyinyi wenye kalamu ya kuamua, wakuu wa vitivo vya uhandisi kwenye mayunivasiti, wakuu wa vyuo vya ufundi, Wizara ya Elimu, Bodi ya Wahandisi ya Kenya inayopitisha kozi, na serikali yetu ya kaunti hapa Lamu pia, manake nyote mna mkono kwenye hili. Mimi ni mwana wa Amu, yaani mji wa Lamu, nimezaliwa mtaa wa Langoni, nimesomea uhandisi bara na sasa nafundisha vijana mambo ya maji na ujenzi. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Mwezi uliopita msichana mmoja kutoka kisiwa cha Pate kaniletea fomu nimsainie, anataka kutoka uhandisi wa maji aende biashara. Sina neno na biashara. Lakini huyu msichana namjua, kwao ndo yeye anayejua jabia lao lina maji ya siku ngapi, ana fito amelitia alama kwa kisu, akilitumbukiza tu anakwambia yamebaki madumu kadhaa, tukichota kumi kwa siku tutafika siku fulani, na mvua isiponyesha hapo tuanze kununua. Amefanya hivyo toka yuko mdogo na hajakosea sana hata siku moja. Alafu anakaa mbele yangu machozi yakimtoka ananiambia, mwalimu, hizi haidrolojia, hizi hesabu za maji, si za watu kama mimi.

Nani kamfundisha kwamba si zake? Ni sisi. Tumemfundisha hivyo kwa noti zetu, kwa ubao wetu, na kwa pepa zetu ambazo haziulizi hata swali moja ambalo mtu wa Pate au wa Mokowe au wa Mpeketoni angelitambua.

Kwa wasiojua jabia ni nini, visiwa vyetu vingine maji ya ardhini yana chumvi, kwa hivyo wazee walijenga sakafu pana iliyosakafiwa inayokusanya mvua na kuipeleka kwenye tangi la kuchimbwa. Hesabu yake ni hii: milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Basi. Sakafu ya mita 15 kwa 20 ni mita mraba 300, mvua ya milimita 20 inakupa lita 6,000, ukitoa yanayorukia nje na yanayonywewa na nyufa tuseme unabaki na 4,800. Hapo ushaanza haidrolojia bila kumtisha mtu. Kutoka hapo unamuuliza mwanafunzi sasa, familia sita zinateka hapa, masika yakichelewa wiki tatu tangi liwe na ukubwa gani, na hapo ndo anakuja mwenyewe kukuomba umfundishe zile grafu za kukusanya maji na kutumia, kwa sababu anazihitaji, kuna watu anaowajua watakaopata kiu akikosea.

Nami yalinikuta. Nlipokuwa mwaka wa pili kwenye yunivasiti moja huko bara, fluidi mekaniksi, somo la maji na vimiminika, ilinishinda, nikala sapu, ule mtihani wa kurudia. Lekchara wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasoma noti tunaandika, na mifano yote ilikuwa ya mabwawa ya Marekani na vipimo vya futi na paundi. Kuna mada inaitwa metasenta, inahusu kwa nini kitu kinachoelea hakipinduki, na metasenta yenyewe ni ile nukta ambayo chombo kikiinama ni kama kinaning'inia hapo. Nlikariri ile fomula kama mtoto wa chuoni anavyokariri herufi kabla ya kujua kusoma. Kwenye mtihani swali likabadilishwa kidogo tu nikapotea kabisa. Nikarudi nyumbani likizo nimekonda, mamangu anauliza una nini, siwezi kumwelezea.

Mjomba wangu ni fundi wa vyombo Matondoni. Mnaojua Lamu mnajua Matondoni ndo majahazi yanakotengenezwa. Nlimkuta anatia kalafati, anaziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, anagonga polepole, akaniambia njoo ukae hapa. Nikakaa. Nikamuuliza tu, kupitisha wakati, mjomba, chombo kikiwa hakina shehena kwa nini mnatia mawe chini? Akasema hiyo ni farumi, bila farumi upepo ukikigonga kitalala na hakitainuka. Nikamuuliza, mkitia nyingi sana je? Akasema kinakuwa kikali, kinarudi kwa kishindo, mlingoti unaumia na mabaharia wanatapika. Kuna kati na kati, akasema, na mkono wa nahodha unaijua.

Wallahi nlishtuka. Manake maneno yake yote mawili yako kwenye ile fomula. Ukishusha uzito chini, umbali kati ya kitovu cha uzito na metasenta unaongezeka, chombo kinakuwa imara, ukizidisha kinarudi kwa nguvu mno. Mzee hajawahi kuingia darasa la uhandisi na alikuwa ananieleza sura nzima ya kitabu kilichonishinda semista nzima.

Tukaamua kuipima mashua yake iliyokuwa majini. Hii sehemu naieleza kwa kirefu kwa sababu nataka wakubwa muone kwamba kitu hiki hakihitaji maabara ya mamilioni. Tulichukua mfuko wa simenti wa kilo 50, timazi yenye uzi wa mita 2, na rula ya mtoto wa shule. Siku hiyo maji yalikuwa shwari, kamba zimelegezwa. Kwanza tulipima umbo la chombo kwa nje, kila hatua, toka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, hadi mstari wa maji, nikahesabu ujazo uliozama nikazidisha na 1,025 ambayo ndo kilo za mita ya ujazo ya maji ya bahari, nikapata kama tani 4. Alafu tukauhamisha mfuko kutoka upande mmoja kwenda wa pili, umbali wa mita 1.5, mashua ikainama kidogo, timazi ikasogea sentimita 4 kwenye rula. Sasa hesabu: 50 mara 1.5 ni 75. Mwinamo ni 4 kwa 200, yaani 0.02, mara kilo 4,000 ni 80. Gawa 75 kwa 80. Metasenta iko sentimita 94 hivi juu ya kitovu cha uzito. Mjomba akauliza hiyo nambari inasema nini, nikamwambia inasema chombo chako kiko imara, akacheka akasema hilo nlikuwa nalijua. Lakini baadae, tulipokunywa kahawa, akaniuliza kitu ambacho sijakisahau: je unaweza kunambia kabla sijajenga? Manake kwa mkono anajua baada ya kushua, kukitia chombo majini, na akikosea mbao zishakatwa.

Hilo swali ndo uhandisi. Na lilitoka kwa fundi, halikutoka kwenye silabasi. Nikarudi bara nikafanya ile sapu nikapita vizuri, na toka siku hiyo sijawahi kuisahau metasenta, hata sasa mkiniamsha usiku ntawaeleza.

Kwa hivyo ninachosema ni kitu kimoja. Hizi kozi ni ngumu kweli, sitaki mtu aniambie nataka zirahisishwe. Lakini ugumu wa hesabu ni jambo moja na ugumu wa kutojua unahesabu nini ni jambo lingine, na watoto wetu wengi wanaangushwa na huu wa pili. Mpe mwanafunzi tatizo la watu anaoishi nao, lenye vipimo vyake vya kweli na uchafu wake, mwache akwame, alafu mpe fomula wakati anaitafuta. Wengine washafanya hivi zamani. Yunivasiti ya McMaster kule Kanada ilianza kufundisha madaktari kwa kuanzia na tatizo mwaka 1969, na ya Aalborg Denmaki toka ifunguliwe 1974 wanafunzi, wahandisi wakiwemo, wanasoma kwa vikundi kuzunguka miradi yenye tatizo la kweli. Na mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi, wakakuta kwenye madarasa ya kuketi na kusikiliza tu wanafunzi kama 34 kwa 100 wanafeli, na kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kazi wenyewe ni kama 22. Kumi na mbili katika kila mia. Wakubwa, hao 12 wana majina, na mmoja wao kaniletea fomu.

Mtaniambia mifano itatoka wapi. Jamani, tuko Lamu.

Chukueni maji ya Shela. Mji wa Amu unakunywa maji ya visima vilivyo chini ya machunga ya mchanga pale Shela. Mvua inaingia mchangani, inakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini kwa sababu maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, haichanganyiki haraka. Mhandisi wa jeshi wa Kiholanzi na mwenzake wa Kijerumani walilieleza hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini yake. Sasa ligeuze: ukivuta maji mpaka usawa ushuke nusu mita tu, chumvi inapanda kama mita 20 kukufuata. Bibi zetu walikuwa wanasema kisima usikikamue mpaka tope, teka uache kipumue, la sivyo utakunywa bahari. Walikuwa wanasema jambo lilelile. Mwanafunzi wa haidrolojia ya ardhini akipewa visima vitano vya Shela, kamba yenye alama, na kile kipimo kidogo cha chumvi, akapima asubuhi na jioni, maji yakijaa na yakitoka, kabla ya kaskazi na baada yake, huyo mwanafunzi mwisho wa semista atakuwa na data ambayo pengine hata ofisi zinazotoa ruhusa za kujenga kule machungani zitaitaka. Na atakuwa ameielewa sheria ya Darcy, ile ya maji yanavyopita mchangani, kwa kuichimba.

Au nyumba zetu. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO toka 2001 na kila mtalii anapiga picha milango, lakini ni nani ashawaambia wanafunzi wa strakcha, wanaosomea uimara wa majengo, kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba? Upana wake mara nyingi mita 2.5, labda 3. Ni boriti. Boriti ya mkoko ndo ilikuwa inabeba dari nzito la mawe na chokaa, na ukirefusha boriti mara mbili kwa uzito uleule wa kila mita, nguvu inayotaka kuivunja inaongezeka mara 4 na kupinda kwake mara 16. Fundi wa zamani hakuandika hiyo, aliijenga. Mwanafunzi anaweza kuja na futi kamba akapima vyumba kumi, akapima kipenyo cha boriti, akahesabu zinabeba kiasi gani, na akamwambia mwenye nyumba anayetaka kuweka tangi la maji la lita elfu moja juu ya dari, yaani tani nzima, kama afanye au asifanye. Hilo swali la tangi naulizwa mimi kila mara hapa mtaani, na watu wanaweka bila kuuliza.

Kuna matope ya bandari. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa 2021, na kabla ya hapo bahari ilichimbwa sana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi walikuwa wanasema maji yamekuwa na vumbi, samaki wamehama. Darasani tunafundisha sheria ya Stokes, ile ya mwendo wa chembe inayozama, kwa kuangusha gololi kwenye gilasi ya mafuta. Lakini iulize hivi: chembe ya udongo yenye kipenyo cha milimita 0.01 inashuka kama mita 8 tu kwa siku nzima kwenye maji yaliyotulia, na ukipunguza kipenyo mara 10 mwendo unapungua mara 100, sasa mkondo wa Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, unavyokwenda ile chembe itafika wapi kabla haijatua? Mwanafunzi aliyeweza kujibu hilo ni mtu wa kukaa meza moja na mawakili.

Barafu ya wavuvi wa Kizingitini nayo ni thamodainamiksi, elimu ya joto. Kilo 100 za samaki kutoka joto la digrii 28 hadi 0 zinataka kama kilo 30 za barafu, kabla hujahesabu joto linalopenya kwenye boksi njia nzima. Mvuvi akitia kidogo samaki wanaoza, akitia nyingi faida yote imeyeyuka. Sijui ni mfano gani mwingine wa joto fiche, lile barafu inalomeza ikiyeyuka, ungemwingia mtoto wa mvuvi kuliko huu.

Najua majibu yenu kwa sababu nshayasikia vikaoni. Silabasi ni ndefu. Madarasa yana wanafunzi 80. Bodi itakataa. Bima. Haya ni ya kweli, siyadharau, mimi mwenyewe nafundisha na najua kusahihisha pepa usiku stima imepotea. Lakini sisemi kila somo lihamie baharini. Nasema kila kozi ngumu iwe na tatizo moja tu la jamii kwa semista, lile lile litumike kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, kila mada ikirudi pale pale, na libebe maksi za kutosha, manake wanafunzi wetu wanafuata maksi na hawana makosa. Robo ya maksi ingetosha kuanzia. Na mtihani wa mwisho uwe na swali lake. Hii ya vyuo vya ufundi hasa sielewi tunangoja nini, mfumo wa kupima umahiri upo tayari kwenye makaratasi, mwanafunzi anatakiwa aoneshe anaweza kufanya, lakini nendeni mkaone, mengi ni kujaza fomu.

Na naomba tusidanganyane. Nshaona safari za wanafunzi zinazoitwa za mafunzo, basi moja, fulana mpya, picha mbele ya ngome, chakula, kurudi. Hakuna aliyepima kitu. Ile haisaidii, na inawapa nafasi wale wanaosema mambo ya jamii ni mchezo. Tatizo la jamii likifundishwa sawasawa lina hesabu nyingi zaidi kuliko kitabu, kwa sababu kitabu kinakupa nambari zote unazohitaji na hakikupi hata moja usiyohitaji, lakini kisima hakikupi chochote, lazima uamue wewe upime nini. Mwanafunzi ambaye hajafika kwenye ekwesheni kupitia kisima amefanya utalii tu.

Kingine, mafundi walipwe. Hili nalisema kwa uchungu. Watu wanakuja Matondoni, wanakaa siku tatu wanamuuliza mjomba, wanaandika, wanarekodi, wanaondoka, na yeye siku tatu hizo hajagonga msumari. Yunivasiti ikimwita mtu kutoka nje kuja kutoa mhadhara inamlipa nauli na posho. Fundi wa chombo anayefundisha uimara wa vyombo ni mhadhiri, mpeni posho yake na jina lake liandikwe kwenye ripoti akitaka. Na ripoti irudi. Ikiwa wanafunzi wamepima visima vya Shela, basi siku moja baada ya Isha waje wasimame barazani waeleze kwa Kiswahili walichokikuta, wazee waulize maswali. Mwanafunzi anayeweza kumweleza bibi yangu kwa nini chumvi inapanda, huyo hana haja ya mtihani mwingine wa mada hiyo. Wengi wetu tukitoka na digrii hatuwezi kueleza kazi yetu nyumbani, tunabaki na maneno ya Kiingereza mdomoni kama mawe, na wazazi waliouza ng'ombe na viwanja kutusomesha wanabaki wakituangalia tu.

Kwenu kaunti, nyinyi mna orodha ya matatizo, mitaro ya mji, mabomba yanayovuja, majabia yaliyopasuka, kingo za gati. Mkiitoa hiyo orodha wazi kila mwanzo wa mwaka wa masomo, na vipimo mlivyonavyo, walimu watachagua. Haitawagharimu hela nyingi. Kwenu Bodi, mnapokuja kukagua kozi ulizeni pia swali hili: nioneshe tatizo moja la watu wa hapa ambalo wanafunzi wako wamelihesabu. Mkiuliza nyinyi, wakuu wa vitivo watafanya, nawahakikishia. Na wakuu wa vitivo, mwalimu anayekwenda kuandaa kazi hii nje muhesabuni masaa yake, msimwambie ajitolee.

Mimi kwa upande wangu najitolea hivi. Mjomba ana mashua mpya, mkuku ushalazwa na mataruma, zile mbavu zake, yanapandishwa. Bado anataka kujua kabla ya kushua, na safari hii nataka jibu litoke kwa wanafunzi. Anayetaka kuleta darasa lake, wanafunzi 15 wasizidi, alete sasa wakati umbo linapimika kwa ndani, kabla mbao hazijafika juu. Malazi tutawatafutia kwa jamaa Langoni na Matondoni, chakula tutapika sisi. Waje na rula, timazi, madaftari na kalkuleta, na viatu vya kukanyaga matope.